Umeongeza RAM na kompyuta imeanza kuganda na kujizima: tafuta kosa hivi

Laptopu ilikuwa na RAM ya 4GB, ukaiongezea ya 8GB. Inawaka vizuri na Windows inaonyesha 12GB, lakini baada ya nusu saa inaleta skrini ya bluu, au inaganda katikati ya video, au inagoma kuamka ukishafunga kifuniko. Mnunuzi anairudisha RAM mpya dukani akisema ni mbovu. Muuzaji anaichomeka kwenye mashine yake, inafanya kazi bila shida, na ugomvi unaanza. Mara nyingi wote wawili wanasema kweli. RAM mbili zinaweza kuwa nzima kila moja peke yake na bado zisielewane zikikaa pamoja. Usitupe wala kurudisha kipande chochote mpaka ujue kosa liko wapi: kwenye kipande kimoja, kwenye sloti, au kwenye mchanganyiko wenyewe.

Kwanza okoa mafaili

Toa RAM mpya, rudisha mashine ilivyokuwa, halafu nakili kazi zako muhimu kwenye diski ya nje. Hatua hii inarukwa sana na ndiyo inayoumiza zaidi. Karibu kila kinachoandikwa kwenye diski hupita kwanza kwenye RAM. Biti moja ikigeuka njiani, faili linahifadhiwa likiwa limeharibika na hakuna onyo lolote. Picha inafunguka ikiwa na mstari wa kijivu, faili la Excel linakataa kufunguka, na unayagundua hayo wiki kadhaa baadaye.

Kwa sababu hiyohiyo, usipige Windows upya wakati tatizo bado lipo. Utakuwa unanakili mfumo mzima kupitia RAM ileile isiyoaminika, na utaishia na Windows mpya yenye mafaili mabovu tangu siku ya kwanza.

Kama diski imefungwa kwa BitLocker (ulinzi wa Windows unaoficha data kwa ufunguo), hakikisha una ufunguo wake wa kurejesha kabla hujagusa BIOS, programu ya msingi inayoiwasha kompyuta. Baadhi ya mabadiliko ya BIOS huifanya Windows iudai.

Hakikisha ni RAM kweli

RAM inayosumbua ina tabia ya kubadilisha sura. Leo skrini ya bluu inaandika MEMORY_MANAGEMENT, kesho IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, keshokutwa PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA au KERNEL_SECURITY_CHECK_FAILURE. Kivinjari kinafunga kurasa chenyewe, mafaili ya ZIP yanadai yana kosa la CRC (ukaguzi wa uzima wa data) ingawa yalipakuliwa vizuri, programu inakwama katikati ya kusakinishwa. Mchanganyiko huo wa makosa yasiyofanana ndiyo dalili yenye nguvu kuliko msimbo wowote mmoja. Msimbo ukiwa uleule kila mara na ukataja faili lilelile la draiva, shughulika na draiva hiyo kwanza.

Mashine inayokata ghafla kama umeme umezimwa, bila skrini ya bluu, hasa inapofanya kazi nzito, inaelekeza kwenye joto, chaja au pawasaplai. Kwenye laptopu, chunguza pia kama ulipofungua kifuniko cha chini ulilegeza waya wa feni au wa betri.

Ili kuona mpangilio wa siku, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `perfmon /rel`. Utaona grafu yenye alama nyekundu kwa kila siku iliyokuwa na hitilafu. Kama nyekundu zinaanza siku ileile RAM ilipoingia, uko kwenye njia sahihi. Kama zilikuwepo mwezi mzima kabla, RAM mpya huenda inasingiziwa.

Soma lebo za RAM zote mbili

Chukua mfano huu, ambao utaukuta kwenye laptopu nyingi zilizotumika zinazouzwa Kariakoo au Luthuli Avenue:

`8GB 2Rx8 PC3L-12800S-11-13-F3`

PC3 ni DDR3, kizazi cha tatu cha RAM za aina hii. Herufi L ni umeme mdogo, volti 1.35 badala ya 1.5. Namba 12800 ni megabaiti kwa sekunde; igawe kwa 8 upate kasi inayotangazwa na wauzaji, yaani 1600. S inaonyesha ni RAM ya laptopu. Ya mezani ingekuwa na U. Namba 11 inayofuata ni taimingi kuu, yaani mizunguko ambayo RAM husubiri kabla ya kujibu. Na 2Rx8 ina maana chipu zimepangwa katika makundi mawili, ambayo mafundi huyaita renki, kila chipu ikibeba biti 8.

Kwenye DDR4 lebo husomeka hivi: `8GB 1Rx8 PC4-2400T-SA1-11`. Hapa kasi imeandikwa moja kwa moja, 2400, na herufi inayoifuata ni daraja la taimingi: P ya 2133 ni 15, T ya 2400 ni 17, V ya 2666 ni 19, AA ya 3200 ni 22.

Kama lebo imechanika, fungua PowerShell uandike:

`Get-CimInstance Win32_PhysicalMemory | Format-Table DeviceLocator, Capacity, Speed, ConfiguredClockSpeed, PartNumber`

Safu ya Speed inaonyesha kasi ambayo kipande kinaiweza, na ConfiguredClockSpeed ile inayotumika sasa. Kwenye Linux, `sudo dmidecode -t memory` inatoa habari hizo na zaidi. Programu ya CPU-Z, kwenye ukurasa wake wa SPD (maelezo ambayo RAM hubeba ndani yake), inakuonyesha pia jedwali zima la taimingi na volti za kila sloti. Linganisha inachosema na lebo iliyobandikwa. RAM zilizobandikwa lebo mpya ili ya 1333 iuzwe kama 1600 zipo sokoni, na hapa ndipo nyingi hukamatwa. Si zote, kwa kuwa hata data ya SPD inaweza kuandikwa upya.

Kwa nini hazielewani

Kompyuta inapowaka, BIOS husoma chipu ndogo ya SPD iliyo kwenye kila RAM. Humo mna kasi, taimingi na volti ambazo kipande kinakubali. BIOS hutafuta mpangilio utakaozifaa zote: kasi ya iliyo taratibu zaidi, na taimingi iliyo legevu zaidi. Ndiyo maana 2400 na 2666 kwa kawaida hukaa pamoja kwa amani, zote zikienda 2400. Ukubwa tofauti nao si tatizo. Mashine nyingi za Intel zikipewa 4GB na 8GB hutumia 4 na 4 kwa chaneli mbili (njia mbili za data kwa pamoja), na 4 zinazobaki kwa chaneli moja.

Shida huja mpangilio uliochaguliwa unapokuwa ukingoni. Kidhibiti cha kumbukumbu, ambacho siku hizi kiko ndani ya prosesa, kinapaswa kupeleka ishara zilizo safi kwa vipande viwili vyenye chipu tofauti, mzigo tofauti na urefu tofauti wa njia. Nafasi ya kukosea inakuwa ndogo, na joto likipanda inapungua zaidi. Ndiyo sababu mashine inavumilia dakika ishirini za mwanzo kisha inaanguka.

Haya ndiyo yanayosumbua zaidi, kuanzia lililo zito:

Volti. Laptopu za Intel za kizazi cha nne kama HP EliteBook 840 G1, Dell Latitude E7440 na Lenovo ThinkPad T440 zinataka DDR3L ya volti 1.35. RAM ya DDR3 ya volti 1.5 inaingia kwenye sloti bila kuzuiwa na chochote, kwa kuwa zote zina pini 204 na mkato uleule. Matokeo yake ni skrini nyeusi, au mbaya zaidi, mashine inayowaka lakini haitulii. Kinyume chake hakina shida: DDR3L inavumilia volti 1.5, hivyo unaweza kuiweka kwenye laptopu ya zamani ya DDR3.

Msongamano wa chipu. Kompyuta za mezani zenye bodi ya Intel G41 zinakubali 4GB kwa sloti ikiwa tu RAM ina chipu 16 za gigabiti 2. Ukiweka 4GB yenye chipu 8 za gigabiti 4, bodi haiwezi kuzihesabu. Vilevile kuna RAM za DDR3 za mezani zinazouzwa kwa bei ya kutupa zikiwa zimeandikwa ni za AMD tu. Hizo zina chipu za biti 4, na kwenye bodi ya Intel hazitafanya kazi hata uzibembeleze vipi.

RAM ya seva. Ikiwa lebo ya DDR4 ina R baada ya kasi, mfano PC4-2400T-R, ni ya seva. Mkato wake unafanana na wa RAM ya kawaida ya mezani, inaingia vizuri, na bodi ya kawaida haitawaka nayo. Hakuna mpangilio wa kuitibu.

Renki. 1Rx8 pamoja na 2Rx8 kwa kawaida hukubali, lakini ndipo kuyumba kwingi kunapoanzia, hasa kwenye bodi za mezani zilizojazwa sloti nne. Kwa prosesa za Ryzen 7000, AMD yenyewe inatoa kasi rasmi ya DDR5-5200 kwa vipande viwili na 3600 tu kwa vinne. Anayejaza vinne kisha akalazimisha 5200 au zaidi yuko nje ya ahadi ya mtengenezaji.

XMP au EXPO. Hizi ni kasi za ziada zilizoandikwa ndani ya RAM za wacheza gemu. RAM moja ikiwa na XMP ya 3200 na nyingine ina XMP yenye taimingi nyingine, BIOS hulazimisha wasifu mmoja kwa zote mbili. Kwenye kompyuta za mezani hapa ndipo pa kuangalia kwanza, na ndipo penye tiba rahisi zaidi.

Kuhusu vizazi, DDR3 na DDR4, au DDR4 na DDR5, havichanganyiki kabisa. Mkato umewekwa mahali tofauti makusudi. Ukiona unahitaji nguvu kuisukuma RAM, simama, umekosea kizazi au umeigeuza.

Kupima, kipande kwa kipande

Zima Windows kabisa kwa amri `shutdown /s /t 0`. Kuzima kwa kawaida kunaacha sehemu ya mfumo imelala kwenye diski kwa ajili ya Fast Startup, na hiyo huleta mkanganyiko vifaa vikibadilika. Chomoa chaja, fungua kifuniko, chomoa waya wa betri, halafu shikilia kitufe cha kuwasha sekunde 15 ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma kisichopakwa rangi kabla ya kushika RAM, na uishike kwa kingo zake.

Angalia mistari ya dhahabu. Kwenye maeneo ya pwani kama Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Unguja, unyevu wenye chumvi huacha utando hafifu ambao macho yanaweza kuupita. Ifute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi kilicholowa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, uiache ikauke. Ufutio mweupe laini wa penseli unafaa pia, mradi usisugue kwa nguvu na upulize mabaki mbali na sloti.

RAM ya laptopu inaingia kwa mshazari wa nyuzi kama 30. Isukume mpaka dhahabu karibu yote imezama, ndipo uikandamize chini mpaka vishikizo vya pande zote mbili vibonyee kwa mlio. Kishikizo kimoja kikibonyea na kingine kikabaki wazi, RAM imekaa upande, na mashine inaweza kuwaka hivyohivyo ikakusumbua siku nzima. Makosa mengi yanayodhaniwa ni ya kutoelewana yanaishia hapa.

Sasa andaa flashi ya Memtest86+, programu ya bure inayowaka yenyewe bila Windows. Kama kompyuta inakataa kuwaka kutoka kwenye flashi hiyo, zima Secure Boot (kinga inayozuia programu zisizoidhinishwa kuwaka) kwenye BIOS kwa muda. Kifaa cha Windows chenyewe, `mdsched`, kinafaa kwa uchunguzi wa haraka, lakini kinapitisha makosa mengi yanayotokea mashine ikiwa imepata joto. Usikitegemee kutoa hukumu ya mwisho.

Pima kwa mpangilio huu, ukiandika matokeo kwenye karatasi:

1. RAM ya zamani peke yake, sloti ya kwanza.
2. RAM mpya peke yake, sloti ileile ya kwanza.
3. RAM mpya peke yake, sloti ya pili. Mashine nyingine zinagoma kuwaka na sloti ya pili pekee, na ikiwa hivyo ruka hatua hii na ya nne.
4. RAM ya zamani peke yake, sloti ya pili.
5. Zote mbili pamoja.

Kila hatua iache imalize mzunguko mmoja kamili, na hatua ya tano iache usiku kucha. Mzunguko unaweza kuchukua saa moja au zaidi kutegemea ukubwa wa RAM. Wakati wa kupima rudisha waya wa betri, ili umeme ukikatika usianze upya. Mstari mmoja mwekundu, yaani kosa moja, unatosha kuhukumu. Hakuna kiwango cha makosa kinachokubalika.

Kama makosa yanaifuata RAM moja kila unakoihamishia, hiyo ni mbovu, irudishe. Kama yanaifuata sloti, RAM yoyote ikiwekwa, tatizo ni bodi au pini za prosesa. Tazama kwa tochi kama kuna vumbi au pini iliyopinda ndani ya sloti. Kama hatua nne za mwanzo ni safi na ya tano inaleta nyekundu, umethibitisha mchanganyiko ndio wenye kosa, na sasa una ushahidi wa kumwonyesha muuzaji bila kugombana: huhitaji fidia ya RAM mbovu, unahitaji abadilishe akupe inayofanana na ya kwako.

Kuzipatanisha

Anza na kubadilishana sloti, ya zamani iende mahali pa mpya. Inaonekana jambo dogo, lakini njia za umeme kwenye bodi hazilingani kwa urefu, na mara nyingine hilo pekee linamaliza kazi. Kwenye kompyuta ya mezani yenye sloti nne, vipande viwili vikae kwenye A2 na B2, kwa kawaida ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa.

Kisha futa kumbukumbu ya BIOS, ili bodi ipime RAM upya badala ya kutumia mpangilio wa zamani. Kwenye mezani, chomoa waya wa umeme, toa betri ndogo ya bodi, CR2032, kwa dakika kama kumi, uirudishe. Kwenye laptopu, ingia BIOS uchague kurudisha mipangilio ya kiwandani. Mashine ya DDR5 ikiwaka mara ya kwanza baada ya hapo inaweza kukaa na skrini nyeusi dakika kadhaa ikijipima. Usiizime.

Sasisha BIOS kutoka kwenye ukurasa wa mtengenezaji wa mashine. Maelezo ya matoleo mengi yanataja maboresho ya uelewano wa RAM, na kwa bodi za Ryzen hatua hii hubadilisha mambo sana. Ifanye ukiwa na RAM ya zamani peke yake, chaja ikiwa imechomekwa na betri imejaa. Kusasisha BIOS kwa RAM inayokosea ni kujitafutia bodi iliyokufa.

Bado inaanguka? Kwa kompyuta ya mezani, zima XMP au EXPO, pima tena. Ikigoma, shusha kasi ngazi moja: 3200 iwe 2933, au 2666 iwe 2400. Pandisha Command Rate (mizunguko ya kusubiri kabla ya amri kwenda kwenye RAM) kutoka 1T hadi 2T. Volti ya DDR4 inaweza kupandishwa kidogo, kutoka 1.20 hadi 1.25, na RAM za XMP nyingi zimetengenezwa kwa 1.35. Usivuke hapo kwa kubahatisha. Badilisha kitu kimoja tu kila mara kisha urudie Memtest86+, vinginevyo hutajua kilichosaidia. Kushuka kutoka 3200 hadi 2933 hutakuhisi kwenye kazi za ofisi, na mashine iliyotulia ina thamani kuliko namba kubwa kwenye CPU-Z.

BIOS za laptopu nyingi hazina mipangilio hiyo hata mmoja. Hapo ukishabadilishana sloti, ukarudisha mipangilio na kusasisha BIOS, njia iliyobaki ni kubadilisha kipande. Andika namba ya RAM ya zamani jinsi ilivyo, ukianzia na PartNumber, na utafute yenye aina, volti, kasi na renki zilezile. Ikikosekana, uza zote mbili ununue jozi iliyofungashwa pamoja, kwa maana kiwandani zilikwishapimwa zikiwa mbili. Kwa laptopu zenye sehemu ya RAM iliyochomelewa kwenye bodi, kama ThinkPad T440, huna pa kuitoa ile ya ndani, kwa hiyo inayoongezwa ndiyo lazima iifuate. Na ukinunua, omba muda wa kuijaribu kwenye mashine yako mwenyewe, kwa sababu kipimo cha dukani hakionyeshi kutoelewana.

Kusafisha uharibifu uliobaki

Memtest86+ ikipita usiku kucha bila nyekundu, fungua Command Prompt kama msimamizi, uendeshe amri hizi za kukagua na kutengeneza mafaili ya Windows na diski, kwa mpangilio huu:

`DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth`
`sfc /scannow`
`chkdsk C: /f`

Ya kwanza inahitaji intaneti, ya tatu itaomba kuwasha upya. Kama sfc inasema imepata mafaili mabovu na kuyatengeneza, iendeshe tena mpaka iseme haioni kosa. Isipofika huko baada ya mara mbili tatu, hapo sasa kupiga Windows upya kuna maana.

Mwisho, ilaze na kuiamsha laptopu mara kadhaa, mara nyingine baada ya dakika moja, mara nyingine baada ya saa nzima, programu zikiwa wazi. RAM zisizoelewana hupenda kuanguka wakati wa kuamka, hata pale Memtest86+ ilipokuwa safi. Ikishindwa hapo, rudi kwenye kubadilisha kipande.